Mwambie Mama Arudi Kwenye Dawa

Butimba, Mwanza
9 Machi 2025

Mpendwa kaka Luhende,

Shikamoo. Natumaini hamjambo huko Norwei, wewe, wifi Rebeka na Precious, ambaye nasikia ameanza shule. Sisi tunapumua. Mvua zimeanza na mihogo imekubali. Barua hii nitaipiga picha nikutumie kwa WhatsApp, maana kwenye simu kila nikifungua mdomo unanikatiza.

Nina hasira na wewe, kaka. Barua ya kwanza niliichana, ilikuwa matusi matupu.

Jumatatu nilimpokea mama alipovuka ziwa kutoka Kamanga kuja kliniki yake ya baridi yabisi. Viganja vimevimba, vidole havikunjiki. Nyumbani kwangu alishindwa kumega ugali. Mama yetu, aliyetusomesha kwa jembe! Nikammegea tonge nikamlisha, naye akawa anatafuna huku ametazama ukutani.

Nilipombana ndipo akasema. Tangu Krismasi hajameza dawa ya hospitali, ile ya kila Jumapili akitoka kanisani. "Luhende kasema nimepungukiwa vitamini tu. Kanitumia mwenyewe." Akanionyesha kichupa chako kwa fahari.

Wewe uliambiwa huna vitamini D ya kutosha huko kwenye giza lenu, ukameza, mgongo ukapoa. Hongera. Lakini mgongo wako haukuwa na baridi yabisi. Udaktari ulisomea wapi?

Kinachonichoma zaidi ni kwamba hukukosea yote. Mama alipimwa mwaka jana, na kweli vitamini D yake ilikuwa chini. Daktari alituambia wagonjwa wengi wa baridi yabisi hukutwa hivyo, akampa vidonge vyake. Lakini alisema wazi kwamba hivyo ni vya kusaidia mifupa, si vya kuzuia viungo visiliwe. Kazi hiyo ni ya dawa ya Jumapili. Ungeniuliza ningekwambia. Hukuuliza, kwa sababu ukishapanda ndege unajua kila kitu.

Sasa picha ya eksirei imeonyesha kiungo cha kidole kimeanza kulika. Daktari ameagiza aanze dawa tena mara moja, akasema kitakachopinda hakitanyooka. Nimembembeleza mama, nimelia, nimemleta mchungaji. Anajibu, "Mpaka mwanangu mkubwa aseme." Hataki uonekane umekosea. Leo ni Jumapili, ametoka kanisani, na hajameza.

Msalimie wifi, mbusu Precious. Mayala na watoto wetu wanawasalimu. Mungu awatunze ugenini, na wewe akupe moyo wa kukiri kosa.

Usinijibu mimi. Mpigie mama sasa hivi, umwambie, "Mama, nilikosea." Usizungukezunguke, akisikia unasitasita hatameza. Kidonge nimekishika mkononi, na maji nimeshamimina.

Mdogo wako akupendaye hata leo,
Odeta