Usirudi Kunikanda

Mke wangu mdogo Salha,

Najua Kiswahili huwezi kukisoma, unakisikia tu. Basi barua hii isome kwa sauti, pole pole, herufi kama zilivyo. Mdomo utasema na masikio yako yataelewa. Mie nimekomea darasa la nne Unguja, lakini hilo nalijua: Kiswahili hakina ujanja wa Kiingereza wa kuandika hivi na kutamka vile. Na wenzako huko Marekani wakikuuliza unanong'ona nini, waambie mume wangu kaniandikia.

Mama'ko kaniambia. Ati unataka kuacha hiyo shahada ya pili, na muhula wa kwanza haujaisha, urudi huku Tottenham kuutazama mguu wangu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unaikumbuka siku ya unga? Bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa kalala kwenye kochi, goti limemvimba. Akakuita: "Mke mwenzangu, njoo unikande mguu." Ukaenda mbio jikoni, tukasema mtoto kafuata mafuta. Ukarudi na bakuli la unga na jagi la maji, ukammwagia bibi'yo gotini, ukakunja mikono ya sweta ya skuli, ukaanza kazi. Maskini, kukanda ulikokujua wewe ni kwa chapati tu. Bibi'yo akacheka hata machozi. "Huyu kaniona mie donge!" Nami nikasema, "Tia na chumvi, Salha, bibi'yo siku hizi hana ladha." Akanirushia mto. "Nyamaza, mzee mchafu wee!"

Kochi lile halikutakata mpaka tulipolitupa.

Baada ya hapo ndipo alipokufunza kweli. Mafuta ya nazi yapate moto kwanza, vidole visikilize kabla ya kubonyeza. "Usishindane nao," alikuwa akikwambia, "mguu wa mtu huo." Yeye anasema Kiswahili, wewe unajibu Kiingereza, na goti hapo katikati linafahamu lugha zote mbili.

Ulipofanyiwa mahojiano ya chuo kwenye kompyuta, pale mezani petu, mie nilikuwa jikoni najifanya naosha vikombe. Kiingereza chako cha mbio kilinipita, lakini nilisikia "chapati", nikajua goti la marehemu limetajwa. Wakakuchukua. Nikamtangazia kila mtu msikitini kuwa mjukuu wangu anakwenda kusomea ukocha. Mzee Faki, yule rafiki yangu wa Pemba, akauliza, "Wa timu gani?" Nikamwambia zote.

Ukanigombeza. "Babu, I'm not a coach!" Ukanikalisha ukanieleza: kazi yako ni kusimama pembeni ya uwanja, mchezaji akianguka wewe ndiye wa kwanza kumkimbilia, umtazame, umtibu, kisha umpe mazoezi kidogo kidogo mpaka arudi kucheza.

"Kwa hivyo mkandaji mwenye filimbi," nikasema.

"Babu, hata filimbi sina." Hilo ulilisema kwa Kiswahili. Nadhani ndiyo sentensi yako ndefu kuliko zote.

Sasa nisikilize. Kazi yako ni ya watu watakaorudi uwanjani. Mie sirudi. Daktari kasema goti halipasuliki, moyo hautaihimili dawa ya usingizi. Kisha akausema na huo moyo wenyewe, kwa sauti ya chini. Mama'ko alikuwa akinifasiria, akaruka maneno. Hayo aliyoyaruka ndiyo niliyoyafahamu vizuri.

Ukinipigia simu ukaniuliza kama nafanya mazoezi, nasema nafanya. Sifanyi. Ule mpira wa kunyooshea mguu ulioniachia nimefungia mlango wa kabati la jikoni, ule usiofunga. Lifti imeharibika tena, na hata ikipona, nishuke niende wapi? Nakaa dirishani natazama watu wanavyolikimbilia basi, nachagua nani atateguka. Mpaka leo hakuna aliyenifurahisha.

Nikisema sikutaki nitakuwa mwongo. Nakutaka. Asubuhi goti likinitonesha, mkono unakwenda wenyewe ukutani kugonga chumbani kwako. Nagonga. Kisha nakumbuka. Lakini ukirudi utafanya nini? Utanikanda, nitasema ahsante, nami nitabaki vile vile, na wewe chuo kimekwenda. Tutakuwa vilema wawili nyumba moja, na kabati halifungi.

Tena hata siku yenyewe ikifika, hutonigusa. Mwanamume akifa hukoshwa na wanaume. Atanikosha Mzee Faki, na mikono yake ile ya baridi, anayesugua kila kitu kama sufuria iliyoungua. Atanibonyeza tumbo na kukanda hajui, nami nitakuwa nimelala pale siwezi hata kumtukana. Mikono ya kunifaa ipo, na haina ruhusa. Hilo linaniudhi kuliko kufa.

Kwa hivyo usipande ndege. Si sasa, wala siku hiyo. Hutowahi maziko, sie hatuweki maiti. Siku hiyo nenda darasani, uwasikilize walimu wako. Ukitoka, chukua bakuli, ukande unga. Utie chumvi, mie ladha ninayo bado.

Na usishindane nao.

Mumeo mzee asiye na faida,
Babu