Ng'ombe Waliofundisha Kiingereza

Uvira, mtaa wa Nyamianda
Tarehe 12 Juni 1966

Mpendwa mdogo wangu Gakwaya,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Kampala. U mzima? Shemeji yangu Abigaïl na watoto wanaendeleaje? Kile kifua cha baridi kimekuacha? Sisi huku tuko wazima, ila mgongo wangu unanung'unika, kwa sababu siku hizi minye ni mubeba magunia bandarini Kalundu. Cheka tu. Tangu waasi watunyang'anye ng'ombe kule mlimani, fimbo yangu ya kuchungia iko nyuma ya mlango, haina kazi.

Lakini sikukuandikia ili nikulilie. Nimeandika kujisifu, na utanivumilia mpaka mwisho.

Ile kamusi ya Kiingereza uliyomtumia binti yangu Nyirakamana ilifika salama. Ulituambia hatapata nafasi katika shule ya wauguzi huko kwenu asipojua maneno makubwa: aeleze maana ya neno, kisha alitungie sentensi. Mwanzoni yalimtoroka. Anakariri asubuhi, jioni kichwa kitupu. Akawa analia, na mama yake Nyirabagenzi akaanza kusema basi, aolewe tu.

Unakumbuka baba alivyotufundisha ng'ombe? Jina kwanza, halafu rangi na pembe zake, halafu habari moja ya mambo yake. Nikamwambia mtoto afanye vilevile. Kila neno akalifunga kwa ng'ombe mmoja wa zizi letu. Reluctant, yaani mtu asiyetaka kufanya jambo, akampa Gaju, yule aliyegoma kuvuka mto hata umsukume namna gani. Neno la kitu kilicho tele akampa Bihogo, kwa maziwa yake mengi. Kweli nakuambia, hakusahau tena.

Jumanne tulikwenda kwa yule madame wa misioni uliyemwomba ampime. Nilikaa barazani, sielewi kitu, nasikia tu Gaju, Bihogo, tena Gaju. Jasho likanitoka. Nikasema moyoni, nimemponza mtoto wangu.

Njiani kurudi, mtoto akanieleza. Madame alimuuliza kama hana sentensi isiyo na ng'ombe. Akamjibu kwamba ng'ombe wenyewe walinyang'anywa, wamebaki kwenye maneno tu. Ndipo akapewa neno la mwisho, heritage. Akaeleza kuwa ni kitu mzazi anachomwachia mtoto. Sentensi yake akanirudilia kwa Kiswahili, tumesimama katikati ya barabara:

"Baba yangu hana ng'ombe hata mumoja, lakini mali yake yote iko kwangu."

Gakwaya, nililia mbele ya watu wa soko, wala sikuona haya. Nilidhani sina cha kumpa huyu mtoto.

Amefaulu, na barua ya madame iko mkononi mwangu. Mama yake sasa anatangaza mtaa mzima kwamba yeye ndiye aliyesema asome. Nimemwachia sifa hiyo, tukae kwa amani.

Wasalimie Abigaïl na kijana wenu Ezechiel, na jamaa wote wa kanisani kwenu. Mungu aliyewatunza wazee wetu milimani awatunze nanyi huko ugenini.

Nyirakamana atashuka kwenye basi na sanduku dogo na fimbo ya kuchungia. Watu wakimcheka, weye waambie ni yake.

Wako akupendaye, kaka yako,
Rugema