Parcelle ya Baba, Baraka, Haiuzwi

Baraka, 14 Septemba 2024

Mpendwa mudogo wangu Élie,

Bwana asifiwe. Habari ya Lubumbashi? Kile kifua cha baridi ya mwezi wa saba kilipona? Mke wako Clarisse na batoto baliamkaje? Sisi huku Mungu anatushika.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema ziwa limekula jikoni ya mama, basi tuuze parcelle ya baba, kiwanja chote, mi nihamie kwa binti yangu Aline kule Kilembwe, mbali na ziwa. Muntu wa kununua anangoja tu sahihi zetu mbili.

Mudogo wangu, sikukuambia: nilijaribu. Mwezi wa tano maji yalifika kitandani, nikaenda Kilembwe wiki sita. Aline alinipokea vizuri sana. Lakini asubuhi ya tatu niliamka, nikatwika beseni kichwani, nikatoka kwenda kupokea ndagala, samaki wetu wadogo, kwa wavuvi. Nilitembea kabisa! Akili iliponirudia nilikuwa katikati ya shamba la watu. Mwenye shamba akapaza sauti: "Mama Marthe, mihogo yetu haina mapezi!" Bamama bakacheka. Nami nikacheka, kisha nikakaa kwenye udongo nikalia.

Unaniuliza mji wetu Baraka iko na nini. Sijui, Élie. Vumbi iko, na vita tumeikimbia mara ngapi? Lakini watu wanarudi tu. Mama mwenyewe alirudi amekubeba mgongoni. Labda ni ile harufu ya ndagala kwenye mchanga. Labda ni adhana ikiisha na kwaya yetu inaanza, halafu jirani Kulthumu ananiita toka ng'ambo ya ua wa lupango: "Marthe, ungali unaomba? Mungu alishasikia, kuja tushuke ziwani!" Nikisha kutaja hayo yote, naona chenyewe sijakitaja.

Basi nimerudi. Jikoni, ziwa limeshinda, tuliachie. Lakini kule juu kwenye michikichi ya baba maji hayajafika. Matofali ya nyumba mpya nimeshachoma. Bamama ba kwaya banabeba mawe ya musingi, na Kulthumu, Mwislamu wa watu, anabeba kuwapita wote.

Sahihi yangu sitaitia. Nakuomba na wewe usitie. Chumba kimoja ni chako, mlango utaangalia ziwa.

Unisalimie Clarisse, na umubusu mutoto wenu Bienfait. Aline na Kulthumu banakusalimia. Mungu aliyemurudisha mama akurudishe na wewe.

Musingi tunaanza Jumamosi ya kwanza ya Oktoba. Unijibu mbele ya siku hiyo.

Ni mimi yaya yako, dada yako mukubwa mwenye kukupenda,
Marthe