Maji ya Kiyoyozi kwa Vimea vya Ulimbo

Mkunazini,
Zanzibar.
11 Januari 2025

Mpendwa mwanangu Ulfat,

Marahaba! Nakuitikia mapema, maana najua shikamoo yako imo njiani. Hujambo? Mumeo Gharib hajambo? Baridi ya Ankara mnaiweza? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila goti langu linanung'unika kila nikipanda ngazi.

Nakuandikia barua makusudi: karatasi haimkatizi mtu maneno. Vile vimea vyako vya ulimbo, vinavyonasa wadudu, viko hai. Lakini haviko tena Makunduchi.

Nilikwenda bondeni kuvitazama kama ulivyoniagiza. Vuli haikunyesha, na bamvua limesukuma bahari mpaka mle. Uliacha zulia jekundu la vimea. Nimekuta kiraka cha kukalia mtu mmoja, tena mwembamba. Nyinyi wasomi mnaita mabadiliko ya tabianchi. Bi Tabia, mwenye konde la jirani, kasema, "Mhogo wangu siku hizi hauniombi chumvi jikoni."

Nikaving'oa na udongo wake, nikavileta nyumbani ndani ya karai. Mke wangu Riyama akashika kiuno: "Umeniletea wala nyama, na wewe mwenyewe sijaweza kukushibisha!"

Nikavipa maji ya mfereji wa jikoni, vikanywea. Nikavipa kipande cha mshikaki, kikaoza. Ndipo uliponigombeza kwenye simu kwamba maji yetu yana chokaa, havitaki ila ya mvua. Mvua yenyewe iko wapi?

Basi nimegundua kiyoyozi cha hoteli ya jirani kinadondosha maji safi uchochoroni. Kila alasiri mimi, mtu mzima na mvi zangu, nasimama chini yake na ndoo. Watalii wananipiga picha. Mlinzi, Khatib, akaniuliza, "Mzee Machano, mganga gani kakuandikia haya?" Nikamwambia nina wageni nyumbani wanaokula nzi. Tangu siku hiyo ananiamkia kwa mbali.

Vimepata nafuu, kimoja kimetoa ua. Najua unataka virudi bondeni, nami nilitaka. Juzi nikaenda, nikachota maji kwa kiganja, nikaonja. Nikayatema mbele ya Bi Tabia. Hakucheka, na yule hucheka hata msibani.

Kwa hiyo usiniambie nivirudishe kwao, mwanangu. Nimefika huko. Kwao kumehama.

Riyama anakusalimu, anauliza utakuja lini kuchukua watoto wako hawa wala nzi. Msalimie Gharib, na mwanenu Shadya mdogo mbusu mashavu yote mawili. Mola akulindeni ugenini, na sisi atunyeshee.

Ni mimi mjomba'ko akupendaye, mbeba ndoo,
Machano