Maneno ya Baba Kwenye Filamu Yako

Ole, Pemba
8 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Danford,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Joyceline, na kile kifua cha Abeli kimeshapoa. Mimi sijambo. Baba anakula, analala, na ule mguu haumsumbui tena.

Filamu yako tumeiona Jumapili iliyopita mchana kwa jirani yetu Bi Ummkulthum, sebule imejaa mpaka mlangoni. Hadithi yenyewe inashika. Mzee aliyepoteza kumbukumbu ndiye pekee aliyeona mauaji, na muuaji anamjia kila asubuhi na kikombe cha chai akijifanya mwanawe! Yule aliyecheza muuaji anajua kazi. Kila akitabasamu mwili ulinisisimka. Na wewe uliyecheza mzee, haki yako nakupa, umecheza vizuri mno. Hilo ndilo linalonichefua.

Ulipotokea na vifungo vya shati vimepishana, unatafuta miwani na umeivaa, Bi Ummkulthum alinishika goti: "Toba! Skola, huyu si babako huyu?" Kisha ukamtazama yule muuaji ukasema, "Nisamehe mwanangu. Uso wako naujua, ila sijui nilikuweka wapi." Watu wakalia. Mimi nikayatambua.

Maneno hayo Baba aliniambia mimi, Danford, jikoni, Pasaka ile uliyokuja siku nne. Nililia mbele yako. Ulikuwa na simu mkononi, nikadhani unamtafutia daktari. Kumbe unamrekodi! Hata kuniuliza hukuniuliza. Mtu kafundisha watoto wa hapa Ole miaka thelathini, leo wanafunzi wake wa zamani wanayarudia maneno yake dukani kwa Kificho na kucheka, akipita wananyamaza. Huna haya hata kidogo? Hao wanaokupigia makofi huko Dar es Salaam wanajua umeyatoa wapi?

Usiniletee habari za sanaa. Ungemwogesha hata siku moja kabla ya kumwigiza, ningekuelewa.

Baba naye alikuwepo, tulimkalisha mbele kabisa. Hakujijua, na wewe hakukujua. Aliangalia mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Yule mzee hana watoto wake wa kweli?"

Nikamjibu anao, wawili.

Akasema, "Basi waambie waende kwake. Yule anayemletea chai si mtu mwema."

Mmoja yupo hapa. Wa pili nimeshamwambia.

Msalimie sana wifi, na Abeli mwambie shangazi yake anamkumbuka. Bi Ummkulthum anakusalimu, ingawa naye kakununia. Mungu akulinde, akufungulie na njia ya kuja.

Ni mimi dada yako, nakupenda hata kwa hasira hizi,

Skolastika