Anders na Mstari Wake Mmoja

Jumanne. Theluji imegeuka tope na viatu vyangu vimelowa hadi soksi. Nina hasira, na sitaki kutulizwa.

Manispaa ninayofanyia kazi inaandaa kura ya maoni: bwawa la kuogelea la zamani libomolewe zijengwe nyumba, Ndiyo au Hapana. Kwa sheria, ofisi ya umma hairuhusiwi kuegemea upande wowote. Ndiyo maana kipeperushi cha Kiswidi kilipita kwa mwanasheria, naye akafuta hata neno "chakavu".

Mimi ndiye ninayekitafsiri kwa Kiswahili. Leo asubuhi bosi wangu, Anders, alikuja na kikombe chake cha kahawa, akaniinamia kama daktari wa watoto. Akataka niongeze mstari mmoja mwishoni: manispaa inawashauri mpige Ndiyo. Kwenye Kiswahili tu. Eti wasomaji wangu wanahitaji kuongozwa kidogo.

"Na hapa ofisini hakuna atakayesoma," akasema.

Nilitabasamu. Naandika hili kwa aibu: nilitabasamu, kwa sababu kipindi changu cha majaribio kinaisha Ijumaa. Nikauandika ule mstari.

Kisha nikamkumbuka Mama Furaha, Mkongo anayesafisha maofisi kule kitongoji cha Kista. Kila karatasi yenye nembo ya manispaa huivalia miwani na kuisoma palepale mlangoni. Wajukuu zake wanaogelea kwenye bwawa hilo kila Jumamosi. Manispaa yeye huiita komuni, kama Waswidi. Siku moja kanisani aliniambia, "Komuni ikisema, miye ni nani nibishe?"

Mtu mwenye imani kiasi hicho, Anders anamwona bwege.

Basi nikafuata utaratibu, maana Anders anaupenda sana utaratibu. Nikautafsiri mstari wake kwa Kiswidi, nikampelekea mwanasheria aukague, nikataja nani kauagiza. Nakala kwa Anders.

Kabla ya chakula cha mchana ulikuwa umefutwa. Anders alipita mezani kwangu akitazama dirishani, akasema ulikuwa utani tu. Utani gani huo, hata mwenyewe haumchekeshi?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mimi mwenyewe nitapiga Ndiyo. Niko kwenye foleni ya nyumba mwaka wa tisa sasa. Sikuhitaji kuongozwa na mtu.

Ijumaa nitajua kama bado nina kazi. Naogopa, sikatai. Lakini nimeyaweka yote hapa mtandaoni, hadharani, kwa Kiswahili, na jina lake juu kabisa.

Si alisema hakuna atakayesoma?