Sauti ya Mama Kwenye Albamu Yako

Baba Neema,

Albamu ya kuadhimisha miaka kumi ya lebo yetu ya muziki imenifikia hapa Nyasura. Nasema yetu kwa mazoea tu. Kwenye jalada jina ni lako peke yako.

Unakumbuka tulivyoanza kule Nyakato? Vyumba viwili vya kupanga: kimoja tunalala, kingine umebandika magodoro ukutani kiwe studio. Ulirekodi mvua kwenye bati, ukamleta mpiga selo, ile fidla kubwa inayoegemezwa magotini, akaikwaruza juu ya mvua hiyo mchana kutwa. Jirani akachungulia, "Jamani, redio yenu imeharibika?" Mimi ndiye niliyemjibu, "Huo ni muziki, ila hujauzoea." Majalada ya albamu ya kwanza niliyabandika mimi kwa gundi, nikiwa na mimba ya Neema ya miezi minane.

Kisha tukaenda Butiama kumuuguza mama yangu. Wiki ile ya mwisho alikuwa akiwaita watoto wake mmoja mmoja, kwa Kizanaki, hata wale wawili aliowazika wachanga. Nikaona kinasa sauti chako kando ya mto wake.

"Zima," nilikuambia.

"Ni ya kwetu ya nyumbani, Mama Neema. Haitoki nje hii."

Nikakuamini. Nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji.

Imetoka. Ni wimbo namba saba. Mama anaita wanawe na selo inamfuata kila anapovuta pumzi. Chini umeandika: "Sauti ya mwanamke, Butiama." Mwanamke! Aliyekusongea ugali wa mtama siku ulipokuja kujitambulisha, akakuita mwanangu kabla hata baba hajakubali.

Nilikupigia. Ukaniambia, "Watu walilia ukumbini siku ya uzinduzi."

"Nani aliwaruhusu wamlilie mama yangu?"

Ukasema ni sanaa.

Basi nikaenda Butiama kumsikilizisha baba, ili akuamuru mwenyewe uiondoe. Alikaa uani, simu yangu yenye wimbo ule sikioni. Mwishoni kabisa, baada ya watoto, mama anamwita yeye. Sikuwa najua kuwa jina lile la mwisho ni lake; wakati ule nilikuwa kisimani. Baba akaitika, "Naam!" akainuka nusu kwenye kiti. Kisha akaona aibu, akaketi.

"Hilo jina alikuwaga ananiita tukiwa wawili tu," alisema. "Sasa watu wote wamelisikia?"

"Wote, baba. Nimwambie aifute?"

Aliishika simu kwa mikono miwili.

"Acha. Rudisha pale anaponiita."

Tangu hapo naenda kila Jumapili kumwekea. Ananiambia nitoke nje, anasikiliza peke yake. Nakaa mlangoni na hasira yangu, na sina tena pa kuipeleka, maana ulichokiiba ndicho kinachomfanya mzee wangu anyoe ndevu na kuvaa shati safi. Hata kukuchukia vizuri umeninyima.

Baba amenituma nikuambie asante. Nimeifikisha kama alivyoitoa, sikuongeza neno. Mimi sina asante. Andika jina la mama yangu pale, lote, Nyangeta Wambura, halafu usinipigie. Neema akikua atakuuliza mwenyewe; jibu la kumpa litafute kuanzia leo.

Aliyekuwa mkeo,
Mama Neema